Kijito Nyuma ya Mapipa

Papa Siméon hakuwa mtu wa kuomba vitu. Miezi mitano niliyomhudumia nyumbani kwa bintiye, hapa Euless, hakuwahi kuniambia chai imepoa wala maji ya kuoga ni ya moto mno. Sukari ilimla macho akiwa bado kwenye kambi ya wakimbizi, kwa hiyo alipofika Texas hakuuona hata uwanja wa ndege alioshukia. Amerika ameijua kwa masikio na kwa nyayo. Siku aliponiomba kitu, kilikuwa kimoja tu, na kidogo kiasi kwamba naona haya kukiandika.

"Mwanangu Everline," aliniambia mwanzoni mwa Machi, kwa Kiswahili chake cha Kongo, "batu banasema huku printemps, baridi ikiisha, ndege zinaimba sana asubuhi. Unaweza kunipeleka kule ku kijito, nizisikie?"

Kijito chenyewe kiko ng'ambo ya barabara, baada ya uzio wa nyumba zetu za kupanga. Nikiosha vyombo dirishani kwa Orpa, bintiye, naviona vilele vya miti yake. Nikamjibu, "Sawa Papa, kesho tunaenda." Mimi ni mtu wa Kayole. Nairobi niliyokulia, ndege niliowajua ni kunguru na wale makorongo wabaya wa karibu na Nyayo Stadium, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeamka alfajiri kwenda kuwasikiliza. Lakini nilisema sawa kwa roho safi. Hilo naomba mlikumbuke, kwa sababu mbele huko sina tena cha kujitetea.

Usiku huo mvua ilinyesha. Mimi nilikuwa nimefanya zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee kule Mansfield, miguu imevimba, usingizi haujanitosha, na nina viatu vyeupe vipya vya kazi. Saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta Orpa mlangoni na funguo za gari mkononi, akikimbilia ghalani kazini. Babake alikuwa ameketi kitini, kofia kichwani, koti limefungwa mpaka kifungo cha juu. Alikuwa tayari tangu saa kumi na moja, Orpa akaniambia, akicheka.

Tulishuka ngazi. Nilipoona nyasi zilivyolowa na matope yalivyotapakaa kule kwenye uzio, moyo ukanigoma. Kumrudisha ndani nikashindwa, na koti lile. Basi nikamzungusha jengo letu mara mbili, polepole, juu ya saruji kavu, mkono wake umeshika kiwiko changu cha kushoto. Nikamsimamisha nyuma, penye maegesho ya wageni. Nikatoa simu na kuandika kwa usingizi, kwa lugha iliyonijia kwanza: sauti za ndege alfajiri.

Angalieni lile kosa. Ningeandika kwa Kiingereza, pengine ningepewa ndege wa Texas, na uongo wangu ungekufa siku hiyo hiyo bila kumgusa mtu. Niliandika kwa Kiswahili, na mashine ikanipa ilichonacho cha Kiswahili: dakika arobaini za ndege wa kwetu, zilizorekodiwa na mtu nisiyemjua, kwenye shamba nisilolijua, huko Afrika Mashariki. Mimi wa Kayole ningetofautishaje? Nilimwambia Papa naenda kuangalia njia mbele, nikaiweka simu juu ya ukuta mfupi unaozunguka mapipa ya taka, nikarudi nikasimama naye.

Dakika ya pili au ya tatu, ndege mmoja akapiga mluzi. Sauti tatu, kila moja chini ya iliyotangulia. Kisha tena. Mkono wa Papa ukakaza kwenye kiwiko changu mpaka nikaumia.

"Everline. Unasikia?"

"Nasikia, Papa."

"Njo ule!" akasema, yaani ndiye huyo. "Ndege ya mvua! Ndege ya kwetu! Namna gani ilifika huku?" Machozi yalikuwa yanamshuka, hakuyafuta. "Marguerite alikuwa anaisikia tu, anakamata jembe. Haingoje hata chai. Anasema, Siméon, amuka, mvua iko inakuja."

Marguerite ni marehemu mkewe. Alizikwa kambini.

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa na dakika nzima, labda mbili, na maneno yenyewe hayazidi manne: Papa, hii ni simu. Badala yake nikasikia mashine za kumwagilia nyasi zikiwaka zenyewe, sss, sss, sss, na Papa akauliza kwa furaha, "Na hii maji, njo kijito?" Nikasema ndiyo. Akavuta pumzi, akauliza harufu hii ni ya nini. Nikasema ni matope ya kijito, Papa, mvua ilinyesha.

Nilijiambia kesho tutaenda kwenyewe. Kesho yake nilikuwa nimechoka. Kesho kutwa kulikuwa na baridi. Wiki ya pili vumbi la njano la miti lilikuwa limefunika magari yote na mimi mafua yananitoa roho. Halafu ikawa mazoea. Asubuhi tano kwa wiki, wiki sita, nilimzungusha mzee wa watu kwenye jengo analoishi, nikamsimamisha mbele ya mapipa ya taka, nikaenda "kuangalia njia", nikaweka simu ukutani. Nilifikia hata kukijua kipande chenyewe, dakika ya pili na sekunde kumi, nikawa nakirudia rudia kwa sababu ndicho alichokipenda. Nilikuwa fundi kabisa.

Juu ya mapipa kuna mti, na kwenye mti huo ana makazi ndege mmoja wa kijivu mwenye mkia mrefu. Wapangaji wote wanamlaani. Ana tabia ya kuiga, na kitu alichokipenda kuliko vyote ni king'ora cha gari. Alikipiga alfajiri kwa ufundi hadi watu wakatoka na kaptura kuangalia magari yao. Papa alipouliza, nilimwambia hilo ni gari la mtu, barabarani. Sikumfikiria tena ndege huyo.

Kibaya ni kwamba Papa alinenepa. Alianza kumaliza chakula. Sukari yake, niliyoipima kila asubuhi na kuiandika, ilitulia. Orpa alinipa sombe, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli kubwa akasema, "Dada Everline, Mungu akubariki, umenirudishia baba yangu." Nililila sombe lile nimesimama jikoni kwangu, na halikunishuka vizuri.

Jumapili moja katikati ya Aprili, wakati wa ushuhuda, Papa Siméon aliinuka. Kanisa letu ni la Wakongo zaidi, na sisi Wakenya wachache tunaotaka kusali kwa Kiswahili. Tangu ahamie hapa mzee hakuwahi kusimama mbele ya watu. Alikaa safu ya mwisho, mikono juu ya fimbo. Siku hiyo Orpa alimwongoza hadi kwenye maikrofoni, naye akaishika kwa mikono miwili.

"Bandugu, Bwana asifiwe. Miye sina macho. Nilikuwa nasema, Mungu amenisahau huku ku inchi ya batu. Lakini asubuhi moja ndege ya mvua ya kwetu iliimba, hapa hapa Texas. Si mara moja. Kila siku! Mungu aliileta kutoka kule mbali, akaipitisha juu ya bahari, sababu ya kipofu mumoja. Kama munazani ninaota, muulize Everline. Everline njo témoin yangu, shahidi yangu."

Ukumbi ulilipuka. Akina mama walipiga vigelegele, ngoma ikashika, watu wakanigeukia wakinipungia mikono kana kwamba mimi ndiye niliyembeba ndege huyo mgongoni. Nilipunga pia. Mdomo wangu ulikuwa unatabasamu. Pasteur Gracien, ambaye ni mtu wa papo kwa papo, alitangaza kabla ngoma haijanyamaza kwamba Jumamosi alfajiri anayeweza aje, wote tumsindikize Papa tukamsikie ndege wa Mungu.

Siku sita. Jumatatu nilikwenda nimejikaza kumwambia. Nikamkuta anamrekodia mdogo wake kule Uvira, Kongo, ujumbe wa sauti, anamweleza habari za ndege. Jumanne nilisema, "Papa, kuna kitu nataka kukuambia," naye akasema, "Sema, mwanangu," akanigeuzia uso wote, na mimi nikamwambia soksi zake zimetoboka. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa nilizungusha jengo, nikaweka simu ukutani. Eti nisimvunje moyo kabla ya Jumamosi.

Walikuja watu ishirini na wawili. Waliegesha nyuma, kwenye maegesho ya wageni, kwa sababu ndiko kwenye nafasi. Bado giza lilikuwa halijaisha. Ndege za abiria, moja baada ya nyingine, zilikuwa zinashuka uwanjani, taa zikiwaka. Akina mama walikuwa na vitenge juu ya majaketi. Orpa alimleta babake kwa mkono, na mzee alikuwa amevaa suti.

"Tumefika tayari?" aliuliza.

"Bado, Papa," Orpa akamwambia. "Tuko tunakutana kwanza."

Pasteur Gracien akaomba, sala fupi kwa kipimo chake. Kisha wote wakanigeukia mimi, kiongozi wa njia. Ningewapeleka wapi? Kijitoni, ambako Papa hakuwahi kukanyaga, akagundue kwa mguu wa kwanza kwamba si penyewe? Au niwaambie mahali penyewe ni hapa waliposimama, kati ya gari la Pasteur na mapipa ya taka?

Heritier, shemasi, kijana mwenye maswali, ndiye aliyeanza. "Mimi kwanza nilitafuta ku internet. Ile ndege haiko Amerika. Haiko hata kidogo. Dada Everline, tuambie ukweli: wewe mwenyewe uliisikia?"

Ulikuwa mlango wazi kabisa. Nilichotakiwa ni kupita tu. Nikawatazama watu ishirini na wawili, nikamtazama Orpa, nikaona jinsi nitakavyoonekana, na nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nikiwa peke yangu nagumia kwa sauti.

"Mimi sijawahi kuiskia," nilisema. "Nilikuwa nampeleka tu, nikicheki simu yangu." Kisha, kwa sababu wote walikuwa bado wananitazama, nikaongeza kwa sauti yangu ya kazini, ile ya kuongea na familia za wagonjwa: "Unajua mtu wa sukari, wakati mwingine ikishuka anaweza kuskia vitu. It's common. Sikutaka kumkatiza."

Sukari yake ilikuwa haijashuka hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa naiandika.

Watu wakasema "aah" taratibu, ile ya huruma. Mama mmoja akaweka mkono kifuani. Heritier akainamisha kichwa, akaona aibu kwa kuuliza. Orpa alinitazama, halafu akamtazama babake, na nikaona anaanza kumwogopea, anapiga hesabu ya maradhi mapya.

Papa Siméon alivua kofia. Aliigeuza geuza mikononi, akitafuta ulipo mwelekeo wa watu.

"Bandugu, munisamehe," alisema. "Nimewaamusha ku vitanda bure. Kumbe ni kichwa yangu." Akamgeukia Orpa. "Unirudishe ndani, binti."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi ilikuwa lami, na ikabaki kimya. Pasteur alianza kusema maneno ya kumtia mzee moyo. Watu walikuwa wameshaanza kubonyeza funguo za magari yao.

Ndipo mashine za kumwagilia nyasi zikawaka. Sss, sss, sss. Papa akasimama.

"Lakini kijito kiko hapa," alisema.

Juu ya mapipa, ndege wa kijivu akaamka. Alianza na king'ora chake, kama kawaida, na watu wawili wakageuka kuangalia magari. Akapiga filimbi moja mbili za ndege wengine. Akanyamaza kidogo. Kisha akatoa sauti tatu, kila moja chini ya iliyotangulia. Akarudia. Akarudia tena, vile vile nilivyokuwa nikirudia mimi, dakika ya pili na sekunde kumi.

"Njo ule!" Papa alipiga kelele. "Njo ule! Orpa! Munasikia?"

Wamama waliokuwa wamekulia Fizi na Uvira walishika vichwa. "Ni yenyewe! Yesu! Ni yenyewe!" Vigelegele vikapasua alfajiri ya Euless, dirisha likafunguliwa ghorofani na mtu akatukana. Pasteur Gracien alikuwa anaruka. Papa alicheka huku analia, kofia imeanguka, na katikati ya furaha yote ile aliunyoosha mkono hewani, upande ambao mimi huwa nasimama.

"Everline! Sasa unaisikia?"

Hakuwa ananisuta. Alifurahi tu kwamba hatimaye na mimi nimejaliwa kusikia. Hilo ndilo lililonimaliza. Angenitukana ningeweza pengine kujitetea.

Nilitoa simu. Nilikwenda mpaka kwenye ukuta wa mapipa, mahali pake pa siku zote, nikaiweka, nikabonyeza. Sauti tatu zikatoka simuni. Juu ya mti, ndege wa kijivu akazijibu. Nikabonyeza tena, akajibu tena. Vigelegele vilififia kimoja kimoja, kadiri kila mtu alivyoelewa, na Heritier ndiye aliyeelewa kwanza, kwa sababu nilimsikia akisema, "Oh, non."

Papa ndiye wa mwisho. Aligeuza sikio huku, akaligeuza kule.

"Ziko mbili?" aliuliza.

"Hapana, Papa. Moja ni simu yangu. Huyu mwingine ni ndege wa hapa, anaiga. Amejifunza kutoka kwa simu. Hakuna ndege wa mvua. Ilikuwa simu tangu siku ya kwanza. Na sukari yako haijawahi kushuka. Wewe hukuota. Mimi ndiye nilidanganya, hata sasa hivi."

"Na maji?"

"Ni ya kumwagilia nyasi."

Alifikiri. "Tuko wapi, Everline?"

"Nyuma ya nyumba yenu, Papa. Kwa mapipa ya taka."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Kuna mtu alimwokotea kofia, akaivaa. Alipotaka kuondoka aliinua mkono kutafuta kiwiko, mimi nikasogea kwa mazoea, naye alipogusa jaketi langu akalitambua, akaondoa mkono. Heritier akampa wa kwake. Walikwenda polepole, na watu ishirini na mmoja wakawafuata hadi mlangoni, nami nikabaki na simu ambayo ilikuwa bado inaimba.

Usiku wa Jumapili Orpa aliniandikia. "Kesho uje, kwa sababu agency iliyokutuma haina mutu mwingine. Fanya kazi yako. Usimuongeleshe baba."

Jumatatu saa kumi na mbili nilibisha hodi. Orpa alinipita bila salamu, akaenda zake. Papa Siméon alikuwa ameketi kitini, kofia kichwani, koti limefungwa mpaka juu. Nilisimama pale mlangoni, sijui niweke wapi mikono.

"Simu iko wapi?" aliuliza.

Nikampa. Aliishika, akaipapasa pande zote, akainuka na kuitia kwenye droo ya jikoni, kati ya vijiko. Akaifunga.

"Twende," alisema.

Hakushika kiwiko. Alishika pindo la jaketi langu kwa nyuma, kwa vidole viwili, fimbo mkono wa pili. Tukashuka ngazi, tukapita mapipa bila kusimama. Ndege wa kijivu alikuwa anazipiga sauti zake tatu, na Papa hakugeuza kichwa. Tukatoka kwenye mwanya wa uzio, nikamwambia hapa ni ukingo wa barabara, hapa kuna shimo, hapa nyasi zinaanza. Viatu vyangu vyeupe vililowa mara moja. Kisha ardhi ikalainika, hewa ikapoa, na maji yakasikika, si kama ya kumwagilia nyasi hata kidogo. Vyura walikuwa wanapiga kelele. Juu yetu kila mti ulikuwa na mwimbaji wake, wengi kiasi kwamba sauti hazikutengana.

Papa alisimama, kichwa kimeinama upande mmoja. Mluzi mmoja mtamu ukatokea kwenye kichaka cha karibu yetu, ukajibiwa kutoka ng'ambo ya maji.

"Hii ni ndege gani?"

"Sijui, Papa."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akageukia kule tulikotoka, akasikiliza. Nikajua anasikiliza nini, maana na mimi nilikuwa nasikia: mlango wa nyumba yetu ukifungwa, mtu akikohoa kwenye ngazi, na king'ora cha ndege wa kijivu juu ya mapipa, vyote waziwazi.

"Kumbe ni karibu hivi," alisema.